Tangazo Lisilo na Jina

Neema ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi ya damu. Alitaka nieleze namna ya kutumia simu kukusanya watoaji, hatua kwa hatua, kitu cha kubandika ukutani mwa maabara. Nimejaribu mara mbili nikashindwa. Kila nikifika mahali pa kuandika kwamba simu inasaidia, mkono unakataa. Si kwamba haisaidii. Ilisaidia sana, na ndiyo maana roho inaniuma. Kwa hiyo nitawaandikia yaliyotokea, nanyi mtabandika mnachotaka.

Jina langu sitaliandika. Wengi mjini Bunia wananiita Papa wa Damu, na watoto wa Mudzipela, ninakoishi, walikuwa wakikimbia wakiniona na begi langu, maana mama zao waliwaambia kwamba nikimkuta mtoto anayelia ninamtoboa. Hilo linatosha. Nikiandika jina langu la pili tu, msomaji atajua baba yangu alitoka kilima gani, tulikimbia kutoka wapi na tulikimbilia wapi, na kuanzia hapo atasoma kila neno akiwa amekwisha kunipa upande katika vita vyetu. Hata hospitali sitaitaja. Anayeijua anaijua.

Nilianza kazi nikiwa kijana mwembamba, mwenye cheti kipya na koti jeupe la kuazima. Mkuu wa maabara alikuwa muzee Gaspard, mtu wa kutoka upande wa Kisangani, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa sparadra, ile plasta yetu ya hospitali. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa damu. Alinipa kigae cheupe akaniambia nikioshe. Nikakiosha, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia. Ikawa hivyo asubuhi nzima. Nilidhani ananitesa, na kweli alikuwa ananitesa kidogo, lakini kesho yake ndipo alipodondosha juu ya kigae kile tone la damu na tone la dawa ya buluu, pembeni tone lingine la damu na dawa ya njano, akakiinamisha huku na huku polepole. Upande wa buluu damu ikakatika vipande kama maziwa yaliyoharibika. Akasema hiyo ni A. Kwenye kigae kichafu, akaongeza, kila mtu ni A, na kila mtu anakufa.

Alinifundisha na mengine. Kupima uzito wa mfuko wa damu kwa mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga, kwa sababu mizani ya maabara ilikwenda na waporaji. Kuutikisa mfuko taratibu wakati damu inaingia ili isigande. Kumtazama mtoaji usoni, si mkononi, maana mtu anayetaka kuzimia huanza kupauka midomo. Kuvuta kope ya chini kabla ya kumlaza. Haya mnayajua, na siku hizi mna mashine za kuwasaidia, umeme ukiwepo.

Lakini kulikuwa na desturi moja ya Gaspard ambayo sidhani mmefundishwa shuleni. Mfuko ukishapangiwa mgonjwa na kuandikwa jina lake, alilifunika lile jina kwa kipande cha sparadra kabla ya kutoka nao koridoni. Aliyekwenda kuutundika ndiye aliyelifunua, akiwa kando ya kitanda. Nilimuuliza kwa nini tunajipa kazi mara mbili. Akanieleza kwamba miaka ile mibaya ya vita, mtu mmoja alikuja kumtolea dada yake damu. Damu zao hazikupatana, basi dada akapewa mfuko mwingine kutoka kwenye frigo, friji ya damu, na wa kaka ukapelekwa kwa mgonjwa mwingine, kama tunavyofanya kila siku. Yule kaka akainuka kitandani, mkono bado umekunjwa juu ya pamba, akaufuata mfuko wake hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Akasoma jina, akaona ni la upande wa adui. Akampokonya muuguzi ule mfuko na kuupasua palepale sakafuni.

“Damu ikiisha kutoka mukononi, iko ya hospitali,” Gaspard aliniambia. “Usimuonyeshe mutu kwenye inaenda.”

Nilikuwa kijana, nikaona anazidisha. Baadaye niliishi miaka mingi katika mji huu na sikuona tena kwamba anazidisha.

Zamani, kumtafuta mtoaji ilikuwa kazi ya miguu. Mgonjwa akihitaji damu, ndugu zake walikuja wakapimwa, na kama ndugu walikuwa mbali au wameogopa, tulimtuma mtu kwa baiskeli kwenye parokia na kwenye makanisa ya Kiprotestanti, au tulipeleka tangazo redioni. Redio ilisoma matangazo kwa saa zake, baada ya salamu na mbuzi waliopotea. Mara nyingi tangazo letu lilisomwa wakati mgonjwa amekwisha kufunikwa shuka. Wazazi wa mtoto mmoja walilisikia tangazo la mtoto wao wakiwa njiani kumpeleka makaburini. Gaspard alistaafu akarudi kwao kabla simu hazijaenea, na nimewahi kumwonea huruma kwa hilo. Siku hizi ninamwonea wivu.

Neema alifika kwetu akiwa muuguzi wa maternité, yaani wodi ya wazazi, msichana wa maneno mengi na mikono isiyotetemeka. Alichoka kunitazama nikipiga simu kwa mtoaji mmoja mmoja, huyu hapatikani, yule ameishiwa betri, mwingine anataka kwanza tusalimiane hadi unité za simu ziishe. Akaniambia tufungue grupu la WhatsApp. Mimi simu yangu wakati ule ilikuwa ya vitufe, yenye tochi, na nilijivunia tochi. Yeye na wauguzi wenzake wakanichangia simu ya mkono wa pili iliyopasuka kioo, wakanifundisha. Nilichelewa kujua kwamba ukibonyeza pale panapoonekana kipaza sauti, maneno yako yanakwenda kwa kila mtu. Watoaji wa kwanza wa Bunia walinisikia nikimgombeza mke wangu kuhusu chumvi.

Grupu tuliliita Ndugu wa Damu. Jina lilitoka kwa Neema. Sharti lilitoka kwangu, yaani kwa Gaspard. Nilimwambia kwamba tangazo letu litakuwa na mambo matatu tu: aina ya damu, mifuko mingapi, wodi gani. Hakuna jina la mgonjwa, hakuna kijiji, hakuna kanisa lake, hakuna picha. Mifuko ikitosha tutaandika kwamba imetosha na kusema aksanti. Neema aliona ni kavu mno, watu hawataguswa. Nilimweleza habari ya mfuko uliopasuliwa. Akakubali bila kubishana, jambo ambalo kwake ni nadra.

Na watu waliguswa, kavu hivyo hivyo. Tangazo la kwanza lilikuwa “O positif, poche mbili, maternité.” Nililituma, nikaenda kunawa mikono, na kabla haijakauka pikipiki ilikuwa langoni. Ilikuwa ya Justin, kijana wa miguu mirefu, mmoja wa wamotari, waendesha pikipiki za abiria, wachache wa mji huu wanaovaa kofia ya pikipiki wakati hakuna polisi. Nyuma yake amempakia Mama Zaina, muuza samaki wa chumvi wa soko la Mudzipela. Hawakuwa wanajuana. Justin alimwona mama akisimamisha pikipiki huku ameshika simu, akamuuliza anakwenda wapi, kumbe ni tangazo moja. Akakataa nauli. Walilala vitanda viwili sambamba, wakibishana bei ya petroli, na Mama Zaina alikataa kunywa sucré yake, ile soda ya watoaji, pale, akaificha kwenye kitenge ampelekee mjukuu.

Nawaambia kweli, sijawahi kuona mji huu ukijipanga namna ile. Hakuna aliyewaamuru. Wamotari walijigawia zamu ya kubeba watoaji bure. Akina mama wa sokoni wakaanza kuleta chai na mihogo kwa waliotoka kutoa. Walimu, wanajeshi wachache, wafanyabiashara wa dhahabu, Wakristo na Waislamu, watu ambao ukiwakuta kwenye baraza moja ungeuliza nani amekufa. Wenzetu wa miji ya Aru na Mambasa wakafungua magrupu yao kwa sharti lile lile. Siku moja wa Mambasa walituandikia kwamba gari limetoka huko na mama aliyejifungua, anavuja damu, aina yake ni hii. Njia mnaijua ilivyo. Lakini alipofika, mifuko ilikuwa tayari mezani imepimwa. Aliishi, na mtoto akaishi. Nilijifungia chumba cha darubini nikalia, na sioni aibu kuliandika.

Frigo lilikuwa limejaa. Ninyi mliozoea kulifungua na kukuta chupa za maji ya wauguzi hamwezi kujua maana ya sentensi hiyo.

Kisha ikaja ile sauti. Mtoto aliletwa na malaria, damu imemwishia kabisa, viganja vyeupe. Tulituma tangazo kama kawaida na watoaji walikuwa tayari njiani. Lakini mama yake, ambaye hakujua, akachukua simu ya shemeji yake aliyekuwa mwanachama wa grupu, akajirekodi huku analia. Alisema mtoto wake anakufa, akawaomba watu kwa jina la Mungu, akamtaja mtoto jina lake la kwanza na la pili. Shemeji akaituma. Simlaumu yule mama. Hata mimi nikiwa na mtoto mwenye viganja vile ningetaja majina yote ya ukoo.

Uwanja wa hospitali ulijaa. Walikuja watu ambao hatujawahi kuwaona, wakapanga foleni hadi kwenye mti wa kuanikia nguo za wagonjwa. Mtoto akapona, mkuu wa hospitali akatusifu kwenye mkutano, akasema tujifunze kutoka kwa mama huyu, tuwe na moyo katika matangazo yetu. Nilisimama nikasema kwamba jina halikupaswa kutajwa. Wakanitazama kama mzee anayelalamikia bomba jipya kwa kuwa amezoea kisima. Ile sauti ikaendelea kuzunguka. Watu wa Aru walikuwa bado wanatupigia kuuliza hali ya mtoto wakati mtoto mwenyewe yuko nyumbani anawatupia kuku mawe.

Ila mimi nilikuwa nimeangalia ile foleni. Walikuwa wengi, ndiyo, lakini karibu wote walikuwa wa upande mmoja, ule wa jina la mtoto.

Tangazo lililofuata lilikuwa la kawaida. A positif, mfuko mmoja, chirurgie, yaani wodi ya upasuaji. Chini yake mtu akaandika: “Ni ya nani?” Nikajibu kwamba ni ya mgonjwa. Mwingine akaandika kwamba mbona ile ya mtoto tuliambiwa jina. Wa tatu akauliza damu walizotoa mwezi uliopita zilikwenda kwa akina nani. Hapo wa upande wa pili nao wakauliza, wakisema wamesikia kwamba ile siku ya foleni mtu wao alikuwa kwenye kitanda cha jirani na hakupewa. Haikuwa kweli, alipewa, na mimi ndiye niliyempimia. Niliandika hivyo. Kuandika ukweli ndani ya grupu wakati watu mia wanabonyeza kwa pamoja ni sawa na kuongea sokoni mvua inaponyesha juu ya mabati. Neno langu lilipanda juu likapotea.

Neema alijaribu kufunga grupu ili wasimamizi peke yao ndio waandike. Ndipo walipoanza kutoka. Simu inakuonyesha, mmoja mmoja, jina na neno dogo kwamba ameondoka. Nilikaa kwenye kiti cha maabara nikiwasoma wanavyoondoka, watu niliowatafuta mishipa kwa vidole vyangu. Baada ya wiki chache kulikuwa na magrupu mawili mapya mjini, kila moja na jina zuri lenye neno la amani au la upendo ndani yake.

Mtadhani yalikuwa magrupu mabovu. Hapana. Yalipangwa vizuri kuliko letu. Yalikuwa na fulana, na zamu za mafuta, na sala kabla ya kutoa, na mtu wa kusalimia wagonjwa Jumapili. Kila kitu tulichowafundisha walikichukua. Walifika na jina la mgonjwa wao, wakatoa, wakasimama mlangoni hadi mfuko utundikwe. Walinyanyua sparadra kuangalia. Kisha viongozi wao wakaja na ombi, kwa adabu, kwamba kila grupu lipewe rafu yake ndani ya frigo. Nilikataa. Wakasema basi hawatoi tena kwa ajili ya frigo, watatoa kwa jina tu. Frigo likabaki na baridi yake.

Justin alikuwa msimamizi wa mojawapo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na nilimfuata kwenye maegesho yao pale Mudzipela. Alisimama aliponiona, akafuta kiti cha pikipiki yake kwa mkono ili nikae. Nikamwambia kwamba yeye anajua kazi yangu, amelala kitanda changu mara nyingi, anajua kwamba damu ikiingia ndani ya frigo hakuna wenu wala wao.

“Kwako kwa frigo, ndiyo, Papa,” akasema. “Huku inje hakuna frigo. Miye sina shida na mutu. Lakini bakisikia kama nilipeleka batoto ya kwetu kutoa damu kwa bale bengine, pikipiki yangu itachomwa. Pengine na miye ndani.”

Nilitaka kumwambia kwamba anatia chumvi. Nikawakumbuka wamotari waliochomewa pikipiki zao miaka ya nyuma, nikaacha. Akanirudisha nyumbani, na akakataa nauli, kama zamani.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa katika mwezi wangu wa mwisho wa kazi. Mchana mmoja lori la mbao lililotoka upande wa Mambasa lilipinduka karibu na mji. Dereva akakimbia, kama madereva wetu wanavyokimbia, kabla raia hawajakusanyika. Juu ya mbao alikuwa amepanda mtu. Walimleta kwetu juu ya ubao mmojawapo, hana fahamu, hana begi, hana kitambulisho, uso umevimba na kufungwa bandeji. Umri labda miaka thelathini. Kwenye kitanda wakamwandika Inconnu, yaani asiyejulikana.

Daktari alisema wengu limepasuka, anamfungua sasa hivi, anataka mifuko minne ili kuanza. Kigae kiliniambia ni O positif. Katika frigo ulikuwemo mmoja wa O, uliosahauliwa na mgonjwa aliyeruhusiwa. Mimi damu yangu ni AB, isiyomfaa karibu mtu yeyote, mzaha wa Mungu kwa mtu wa kazi yangu. Neema ni A. Wauguzi wawili wa O walikuwa wametoa majuzi.

Nilituma tangazo kwenye Ndugu wa Damu, ambamo walibaki wachache, wengi wao wamezima mlio. Nikawatumia na wasimamizi wa magrupu mawili. O positif, poche tatu, chirurgie, haraka. Justin alijibu upesi, na yule mwenzake wa upande wa pili pia alijibu upesi, sidhani kama walijua jinsi walivyofanana. Ni nani? Nikaandika kwamba hajulikani, ni mtu wa ajali. Mtu wa wapi? Sijui. Anaongea luga gani? Haongei. Mmoja akaomba nitume picha. Nikaandika kwamba uso umefungwa, na hata usingefungwa nisingetuma. Akaniomba basi niangalie kama ana chale, au mnyororo wa msalaba, au chochote.

Nikawapigia. Yule wa upande wa pili hakupokea. Justin alipokea, na nyuma yake nilisikia wenzake wakiongea.

“Papa, siye tuko tayari,” akasema. “Batoto iko hapa, banangoja. Utuambie tu kama iko wa kwetu.”

“Iko mutu, Justin.”

“Najua iko mutu.”

Nilisikia kwamba ana haya, nilisikia kabisa, na haya zake hazikuweza kujaza mfuko. Akasema ataongea nao tena. Simu ikakatika.

Mmoja alikuja. Mama Zaina alifika kwa miguu, kitenge kimejaa vumbi, ananuka samaki wake, akaniambia simu yake iliishiwa moto wa betri na amesikia kwa jirani wa meza sokoni. Alikuwa O. Nikavuta kope yake ya chini, si nyekundu ya kupendeza, ila nikamlaza. Hakuuliza chochote kuhusu mgonjwa. Aliuliza tu kama wengine wameshapanda au bado wako njiani, na nilimwambia wako njiani. Nilitikisa mfuko wake mwenyewe, nikaupima kwa mizani, nikafanya vipimo kwa mikono yenye haraka kuliko nilivyowahi, nikaupeleka mbio bila hata sparadra, maana hapakuwa na jina la kufunika.

Mifuko miwili haikuwa minne. Daktari alifunga tumbo la maiti. Jua lilikuwa bado juu ya paa la pediatri, wodi ya watoto, wakati Neema alipotoka na kuvua glavu zake, akaketi kwenye ngazi. Mimi nilikwenda kumwamsha Mama Zaina aliyesinzia kitandani. Aliniuliza kama mgonjwa amepona. Nilimpa sucré yake nikamwambia ainywe yote hapa hapa.

Asubuhi ya kesho yake nilifika kazini nikakuta sauti za pikipiki. Uwanja ulikuwa umejaa, langoni wanaendelea kuingia, vijana wenye fulana za grupu lao, na Justin mbele. Niliwahi kuona foleni ya yule mtoto wa malaria, na hii ilikuwa ndefu kuliko ile. Mwenye lori alikuwa ameuliza huku na huku ni nani aliyepanda juu ya mbao zake, habari zikamfikia kaka wa marehemu alfajiri, na kaka, kabla hata hajavaa viatu, akaandika kwenye grupu lao jina zima la ndugu yake, hospitali yetu, na aina ya damu niliyotangaza mimi mwenyewe jana. Jina lilifanya kazi yake. Walikuja wote. Wengine walikuwa wameshakunja mikono ya mashati tangu njiani.

Nilisimama kwenye ngazi nikawaambia kwamba alikufa jana kabla ya jioni. Kaka yake alikaa chini, pale pale kwenye mchanga. Wengine wakavua kofia. Justin alinitazama, kisha akatazama mikono yake, na nilijua anachokihesabu, kwa sababu vijana wale waliokuwa nyuma yake walikuwa ndio wale wale niliowasikia kwenye simu. Machozi yalimtoka waziwazi. Sikumwambia lolote la kumwongezea, na sikumwambia lolote la kumpunguzia.

Neema alinivuta mkono. Pediatri, akanong'ona, kuna msichana ameingia usiku, viganja vyeupe, O positif, na frigo ni tupu. Uwanja mzima mbele yetu ulikuwa umekunja mikono.

Basi nikawaambia. Nilisema kwamba hawakuja bure, kwamba kuna mgonjwa wa damu hiyo hiyo, mfuko mmoja tu unatosha, kitanda kiko tayari. Walisikiliza kwa heshima. Wakatazamana. Mwishowe wakamtazama Justin, naye akapanda ngazi mbili hadi karibu nami, uso bado umelowa, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo wengine wasingesikia.

“Papa, anaitwa nani?”

Nikamjibu kwamba ana miaka sita.

Akangoja niendelee. Alipoona siendelei, akashusha mkono wa shati lake, akafunga kifungo.